Manute Bol, Mkono Usiokuwa wa Birika

  Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimetutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Wenzangu wengi wamewachagua washairi na wapigania uhuru, nami nawapa heko. Mimi nimeonelea nimlete mcheza mpira wa vikapu. Najua wako watakaoguna na kuuliza mpira na Kiswahili vina uhusiano gani. Jamani, subirini kwanza! Mstahimilivu hula mbivu.

Mtu mwenyewe ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini, mmoja wa watu warefu kabisa waliowahi kucheza katika ligi ya kulipwa ya Marekani, ile NBA. Alifariki tarehe 19 Juni 2010, wakati huo mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hivyo sikumwona akicheza. Nimemjua kwa kusoma, kwa kutazama michezo yake ya zamani, na kwa kusikia kwa watu wazima.

Sababu ya kumwandika ni ubishi. Pale uwanjani petu, chini ya ile ringi isiyokuwa na wavu, tumebishana juu yake muhula mzima, na hadi leo hatujapatana. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeshika mamilioni ya dola kwa mikono yake, kisha akayagawa hata akafa hana utajiri wowote wa kuonyesha, je, huyo ni shujaa au ni mjinga? Wenzangu wengine wasema ni mjinga, tena mkubwa. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nitazitoa. Lakini kwanza hebu tumjue mtu mwenyewe.

Manute Bol alizaliwa upande wa Bahr el Ghazal, na kijiji chao ni Turalei. Karatasi zake zilionyesha tarehe 16 Oktoba 1962, ingawa watoto wengi wa wafugaji wa siku hizo hawakuandikiwa tarehe popote. Wadinka ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe ndio mali, ndio mahari, ndio heshima. Naye Manute alikua akichunga, fimbo na mkuki mkononi. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki alipokuwa machungani. Kwao urefu haukuwa kioja. Inasemekana mama yake alikuwa na futi 6 na inchi 10, na baba yake futi 6 na inchi 8. Manute mwenyewe alipimwa akaonekana ana futi 7 na inchi 7, yaani sentimita 231. Ndugu msomaji, simama kwenye mlango wa darasa letu utazame juu. Kizingiti kile kingemfika usoni!

Alianza na kandanda kama sisi sote, lakini miguu ilikuwa mirefu mno, akauacha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akajifunza mpira wa vikapu katika mji wa Wau, kisha akaenda kucheza Khartoum hadi akaichezea timu ya taifa ya Sudan. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza alipojaribu kuupachika mpira kikapuni kwa mkono, meno yake yalinasa kwenye wavu yakang'oka. Mtu mwingine angekwenda zake nyumbani asirudi tena. Yeye alirudi.

Mwaka 1982 kocha mmoja kutoka Marekani aitwaye Don Feeley alikwenda Sudan kuwafundisha wachezaji wa huko. Alipomwona Manute hakuamini macho yake. Mwaka uliofuata, 1983, Manute alipanda ndege kwenda Marekani. Timu ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka huo huo, lakini wakuu wa ligi wakakataa, wakasema taratibu hazikufuatwa. Tena pasipoti yake ilikuwa na maajabu. Ilisema ana futi 5 na inchi 2! Yeye alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa amekaa.

Basi hapo alikuwa nchi ya watu, baridi kali, Kiingereza hajui, na kazi aliyoifuata ameikosa. Alipelekwa Cleveland akaanza kujifunza lugha. Baadaye, mwaka 1984, akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport katika jimbo la Connecticut, akakichezea kwa msimu mmoja. Ukumbi wa chuo ulijaa watu kila alipocheza. Wengine walikuja kuutazama mpira. Wengi zaidi, nadhani, walikuja kumtazama yeye kama mtu atazamavyo twiga. Hili nataka mlikumbuke, kwa maana litarudi tena na tena katika maisha yake: watu walimcheka, naye hakuacha kazi.

Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ilimchukua, akiwa mtu wa 31 katika uchaguzi wa wachezaji wapya. Alikuwa mwembamba kama ufito. Wachezaji wenye vifua vya mabaunsa walimsukuma chini ya kikapu kama mtu asukumavyo pazia. Kufunga hakukuwa kipaji chake. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolijua kuliko mtu yeyote, nalo ni kuzuia mitupo, lile tendo ambalo sisi uwanjani huliita kubloki.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, acheni nieleze kidogo. Ringi huwekwa futi 10 kutoka ardhini. Adui akirusha mpira, mlinzi anaruhusiwa kuupiga ungali unapaa, lakini ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni hauguswi tena. Kwa hivyo mlinzi ana nafasi ya kufumba na kufumbua tu. Akiruka mapema, adui amngojea ashuke ndipo arushe. Akichelewa, mpira umekwenda. Manute akinyosha mikono kulia na kushoto, ilikuwa na upana wa kama futi 8 na nusu. Akisimama wima na kuinua mkono, vidole vilipita ringi bila ya kuruka. Lakini msidhani ni urefu mtupu. Watu warefu wako wengi na hawajaweza alichokiweza yeye. Alikuwa na saa kichwani. Alingoja, alingoja, halafu ghafla ule mkono ukatokea kusikojulikana.

Katika msimu wake wa kwanza, 1985 hadi 1986, alizuia mitupo 397. Hakuna mchezaji mpya aliyewahi kufikia idadi hiyo. Katika wachezaji wote, wapya na wakongwe, ni Mark Eaton pekee aliyeipita kwa msimu mmoja, pale alipozuia 456. Mara mbili Manute alizuia mitupo 15 katika mchezo mmoja, kwanza Januari 1986 dhidi ya Atlanta Hawks, halafu Februari 1987 dhidi ya Indiana Pacers. Mitupo kumi na mitano! Sisi katika mchezo wetu mzima hata mitupo ya maana hatufikishi mingi kuliko hiyo.

Msimu wa 1987 hadi 1988 timu yake ilimleta Muggsy Bogues, kijana wa futi 5 na inchi 3. Hivyo basi mtu mrefu kabisa na mtu mfupi kabisa wa ligi nzima wakavaa jezi moja. Wapiga picha walifurahi mno, wakawasimamisha pamoja kila mahali. Waliofikiri kwamba ni mchezo wa kuigiza walikosea. Bogues naye alidumu katika ligi kwa misimu 14. Mwalimu wetu wa michezo hupenda kuwataja wawili hawa kila mtu anapojitetea kwamba yeye ni mfupi au kwamba mwenzake ni mrefu, nasi huwa hatuna la kujibu.

Kutoka Washington Manute alikwenda Golden State Warriors mwaka 1988. Huko kocha Don Nelson akamfanyia jambo ambalo makocha wengine wangeliona ni wazimu. Alimruhusu arushe mpira kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Hebu fikirini, mtu wa futi 7 na inchi 7 amesimama mbali na kikapu, auweka mpira juu ya kichwa kama mtu arushaye jiwe kisimani! Watu walicheka, kisha wakaanza kumshangilia. Msimu huo aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo 345, na mitupo 20 ya pointi tatu akaifunga. Alipohamia Philadelphia 76ers, usiku wa tarehe 3 Machi 1993 dhidi ya Phoenix Suns, alifunga mitupo sita ya pointi tatu katika nusu moja ya mchezo. Kidogo tu, lakini si haba kwa mtu aliyeambiwa hawezi kurusha.

Baada ya hapo mwili ukaanza kuchoka, na mwaka 1995 safari yake ya NBA ikawa imekwisha. Alikuwa amecheza michezo 624. Sasa sikieni hesabu ambayo ndiyo iliyonifanya nimpende. Katika michezo hiyo yote alifunga pointi 1,599, na alizuia mitupo 2,086. Yaani aliyozuia ni mingi kuliko pointi alizofunga. Katika wachezaji wote walioacha jina katika ligi ile, ndiye pekee mwenye hesabu ya namna hiyo.

Mimi pia ni mlinzi. Katika timu yetu jina langu halitajwi sana, kwa sababu ubao wa matokeo huandika waliofunga. Aliyezuia haandikwi. Ukizuia mpira ukaokoa pointi mbili, watazamaji huguta mara moja tu, halafu wasahau. Kazi ya mlinzi ni kuwakinga wengine. Naam, na nikitazama maisha ya Manute nje ya uwanja, naona alifanya kazi ile ile.

Mwaka ule ule wa 1983 alipoondoka kwao, vita vilizuka. Wanajeshi wa kusini waliasi katika mji wa Bor, na John Garang akaanzisha jeshi la SPLA. Vita hivyo viliendelea hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini hapa Kenya, mjini Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Ni miaka ishirini na zaidi. Inakadiriwa kwamba watu kama milioni mbili walikufa, kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi. Kwao Bahr el Ghazal kulipigwa na njaa kali mwaka 1988, na nyingine tena mwaka 1998. Jamaa zake Manute wengi waliangamia. Yeye yuko Marekani, amevaa jezi, taa zamulika, watu wapiga makofi, na kwao watu wala majani.

Hapa ndipo habari hii inapofika mlangoni petu. Msidhani vita vile vilikuwa mbali na Mombasa. Tangu mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikuwa na mpango mkubwa wa kupeleka chakula kusini mwa Sudan, na kituo chake kilikuwa Lokichoggio, huko Turkana. Shehena za chakula zilishushwa hapa bandarini Kilindini, zikapakiwa kwenye malori, zikapita Changamwe na Miritini kushika njia ya bara. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe waliofanya kazi ya makuli waliyabeba magunia yale kwa migongo yao. Baba yangu ni dereva wa lori, na hadi leo hupeleka mizigo Juba kwa njia ya Malaba na Nimule. Ni yeye aliyeniambia kwanza habari za Manute Bol. Alisikia kwa watu wa huko, katika maegesho ya malori, wakimtaja kama watajavyo mtu wa ukoo wao.

Manute hakukaa kimya. Alipokuwa na mshahara mkubwa, uliozidi dola milioni moja kwa mwaka, alituma pesa kwao mfululizo. Alisaidia wakimbizi, alikwenda kuwatazama makambini, na alizungumza na wakubwa wa Marekani juu ya vita ambavyo wengi huko hawakuvijua hata viko wapi. Jambo moja nalitaja kwa kuwa ukweli haufichwi: sehemu ya pesa zile alilipa jeshi la Garang. Kwa hiyo si zote zilizonunua unga na dawa. Kuna watakaomlaumu kwa hilo, na hoja yao nawaachia. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba alizila peke yake.

Miaka ya mwisho ya 1990 alirudi Sudan akakaa Khartoum, akitumaini mazungumzo ya amani yataleta jema. Mambo yakamgeukia. Alibaki hana pesa, na kutoka nchini akazuiliwa. Mtu aliyezuia mitupo elfu mbili sasa amezuiliwa yeye! Mwaka 2001 alifaulu kufika Cairo, na mwaka 2002 akapokelewa Marekani kama mkimbizi, katika nchi ile ile aliyokuwa nyota wake.

Huko ndiko alikofanya mambo yanayowachekesha wenzangu. Mwaka 2002 alipigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mchezaji mnene wa mpira wa Kimarekani aliyepewa jina la Jokofu, akamshinda. Alivalishwa jezi ya timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, na kutelezea barafu hajui. Akatangazwa pia kuwa mpanda farasi wa mashindano, na miguu yake ingeburura ardhini. Ukitazama juu juu utasema mzee amekuwa kichekesho. Lakini ulizeni pesa zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia watoto wa Sudan. Alijua watu wampenda kumcheka. Akaona ikiwa ni hivyo basi, nawacheke, lakini watoe. Mimi sijui wangapi katika sisi tungekubali kuchekwa ili mtoto wa mtu mwingine apate daftari.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali mbaya, akavunjika shingo na kulazwa muda mrefu. Alipona, lakini hakuwa tena yule wa zamani. Badala ya kukaa akajiuguza, akaanza kazi ambayo mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni ya kujenga shule. Akishirikiana na shirika la Sudan Sunrise alitaka shule ijengwe kwao Turalei, ambako watoto walisomea chini ya miti. Kusudio lake lilikuwa kujenga shule 41. La kupendeza ni kwamba alitaka Wakristo wa kusini na Waislamu wa Darfur waijenge shule ile pamoja, watu ambao vita vilikuwa vimewafanya waogopane. Sisi wa Mombasa tunaokaa dawati moja, mmoja akienda msikitini na mwenzake kanisani, huenda tusione ajabu. Lakini kwa watu waliotoka vitani, kushika tofali moja na mtu wa upande wa pili si jambo dogo.

Mwaka 2010 alikwenda Sudan Kusini kuitazama shule yake. Uchaguzi ulikuwa karibu, akaombwa asiondoke upesi, naye akakubali akakaa. Akiwa huko figo zikamsumbua, na dawa aliyopewa ikamletea ugonjwa mbaya wa ngozi. Alirudishwa Marekani, akalazwa hospitali huko Virginia, na tarehe 19 Juni 2010 akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 47. Ibada yake ilifanywa katika kanisa kuu la Washington, kisha mwili ukarudishwa Turalei ukazikwa. Mcheza kwao hutunzwa. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 9 Julai 2011, bendera ya Sudan Kusini ikapandishwa. Hakuiona.

Lakini alichokipanda kiliota. Alipokuwa Misri, alikutana na watoto wa familia moja ya wakimbizi kutoka Wau, akawa anawafundisha mpira wa vikapu. Mmoja wao alikuwa Luol Deng. Mtoto yule alikua akawa mchezaji mkubwa wa NBA, na mwaka 2019 akachaguliwa rais wa shirikisho la mpira wa vikapu la Sudan Kusini. Aliijenga timu ya taifa karibu na hewa tupu, kwa kuwa nchi yao haikuwa na hata ukumbi wa ndani wa maana, na pesa nyingine alizitoa mfukoni mwake. Mwanafunzi huwa kama mwalimu wake! Mwaka 2023 timu ile ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikawa ya juu kuliko zote za Afrika, ikapata tiketi ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024 mjini London iliitoa jasho Marekani katika mchezo wa kirafiki, ikafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Na tarehe 28 Julai, katika Olimpiki ya Paris, iliipiga Puerto Rico 90 kwa 79. Siku hiyo walipigiwa kwanza wimbo wa taifa usio wao, wakasimama mikono kifuani wakangoja hadi wao ukapigwa, halafu wakaingia wakashinda. Mwanawe Manute pia, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999, aliingia NBA mwaka 2019.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mjinga au shujaa?

Wanaosema ni mjinga wana hoja zao, na nisizifiche. Wanasema mtu mwenye akili hujijengea kwanza, ndipo asaidie. Wanasema lau angeweka akiba, asingehitaji kuchekwa kwenye televisheni, na alipopata ajali asingetegemea michango ya marafiki. Hoja hizi si za kutupwa. Mimi mwenyewe nimeziwaza nikiwa nyumbani, tena kwa uchungu. Mshahara wa baba ukiingia, simu zinaanza kulia. Kule bara kuna bibi, kuna shangazi mjane, kuna binamu wanne wanaosoma. Baba hutuma. Mara mbili nimekaa nyumbani siku kadhaa kwa sababu ya karo, ilhali karo ya binamu yangu imekwisha kulipwa. Mama hunung'unika, nami sikwambii nilivyojisikia. Kwa hivyo ninapomtetea Manute simtetei kwa mdomo mtupu. Najua kugawa kunakata wapi.

Lakini nimepima nikaona hivi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni hasara ya mjinga. Manute hakulaghaiwa wala hakucheza kamari. Aliona watu wake wanakufa, na mkononi ana cha kuwaokoa. Kama angekaza mkono ukawa wa birika, leo angekuwa na majumba, nasi tungemtaja kama mtu mrefu aliyecheza zamani, basi. Waliokula chakula chake wakapona wana watoto leo. Je, hao tuwaandike wapi katika hesabu yake? Ni kama ile mitupo 2,086. Ubao wa matokeo hauonyeshi pointi ambazo adui hakufunga, lakini timu imeokoka.

Hata hivyo sitaki nimalize kama kwamba yote aliyofanya ni ya kuigwa neno kwa neno. Mlinzi mzuri huangalia pia mgongo wake. Nadhani mwenye kutoa naye astahili kuwekewa, na wale anaowapa wajue kwamba naye ana nyumba. Siku nitakapoanza kupata changu, nia yangu ni kutuma kama baba, lakini nitenge kwanza karo ya watoto wangu. Haya nimemwambia baba mwenyewe, kwa adabu, alipokuwa akipumzika baada ya safari ya Juba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama najua ni nani aliyemlipia yeye darasa la saba. Nilikuwa sijui. Ni yule shangazi.

Basi wenzangu, ubishi nauacha mikononi mwenu, mwendelee nao pale uwanjani. Ninaloliomba ni kwamba mkimtaja Manute Bol msianze na urefu wake. Urefu alipewa na Mungu, hakuutolea jasho. Anzeni na mkono wake na alichokifanyia. Katika Kiswahili mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi, na mwenye mkono wa birika ni bahili. Huyu alikuwa na mkono mrefu kuliko wote, na haukuwa wa namna yoyote kati ya hizo mbili.

 Wasomaji, tukijaliwa tuonane tena mwaka ujao nikiwa kidato cha nne. Wasalaam.